Meza Tatu za Mkuu wa Masjala

Mkuu wa masjala wa ofisi yetu alikuwa na swali moja, na hakuna aliyefanya kazi pale asiulizwe swali hilo walau mara moja kwa siku: "Nani mwingine ameisoma?" Umpelekee barua, atauliza. Umpelekee orodha ya magodoro, atauliza. Siku moja nilimpelekea kadi ya harusi ya rafiki yangu, akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna lolote, kisha akanitazama juu ya miwani. "Nani mwingine ameisoma, binti?" Nikamwambia, mzee, hiyo ni kadi tu. Akasema saa ya harusi imeandikwa lakini siku haikuandikwa. Kweli, haikuandikwa. Nilimchukia kwa dakika tano hivi, halafu nikaenda kutafuta kalamu.

Nilifika Kigoma kwa treni, msichana wa Korogwe mwenye godoro lililokunjwa na barua ya kupangiwa kituo, na moyoni nilishajipa mwaka mmoja tu kabla ya kuomba uhamisho. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Boti zilikuwa zinaingia kutoka Burundi na kutoka Kongo, watu wanashuka na vitanda, na mbuzi, na wazee waliobebwa mgongoni, na wengine wanashuka mikono mitupu. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, vyumba vinne na veranda, na kazi yake ilikuwa karatasi za hao watu: vibali vya kutoka kambini, barua za kwenda kutibiwa, na barua za kuwakabidhi kwa wazazi wao watoto waliopotezana nao njiani. Karatasi zote hizo zilianzia kwake na kuishia kwake, kwenye chumba cha mwisho chenye kaunta ya mbao na makabati ya chuma.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenyeji wa Kasingirima kule Ujiji, na alikuja kazini kwa baiskeli, suruali ameibana kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye mnyororo. Kofia yake ya kiua ilikuwa nyeupe muda wote, sijui mkewe alikuwa anaifuaje kwa vumbi lile. Wenzangu walikuwa wanamwogopa na kumcheka kwa pamoja, jambo ambalo mwanzoni sikulielewa, baadaye nikawa nalifanya mwenyewe.

Kabla ya kufungua jalada alinawa mikono. Kwenye dirisha la masjala palikuwa na kopo la maji na kipande cha sabuni ya mche, na chakula chetu cha mchana, wote tunajua, kilikuwa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa letu, iliyoungwa kwa mawese. "Mawese hayatoki kwenye karatasi," alikuwa anasema. Mtu akija na vidole vyekundu alimwonyesha dirisha kwa kidevu. Alimwonyesha hata Afisa Mfawidhi, bosi wetu, mtu mzima mwenye kitambi na hasira za karibu, naye akaenda akanawa. Mpaka leo siwezi kushika karatasi kabla sijanawa, na watoto wangu wananicheka.

Hakuwahi kupaza sauti. Akikasirika sana alihamia kwenye Kiha, lugha ya kwao, akawa anajisemea mwenyewe taratibu, "oya, oya, oya," huku anatikisa kichwa, na hata sisi wa kuja tulijua hiyo ni hapana. Akifurahi alisema "ego," ndiyo yao, na ilikuwa mara chache. Jalada halikutoka mikononi mwake bila kuandikwa kwenye rejista: limekwenda kwa nani, saa ngapi, lina kurasa ngapi. Ukimwambia una haraka, alikuwa anaandika polepole zaidi. Sidhani kama ilikuwa makusudi. Nadhani haraka ya mtu mwingine ilimtia wasiwasi, akawa anaangalia mara mbili.

Sasa niseme na la pili, ili asionekane mtu wa chuma tupu. Habari za wakimbizi alizizungumza kama mtu yeyote wa Ujiji alivyokuwa anazizungumza siku zile, yaani vibaya. Wametujazia mji, kuni zimekwisha mlimani, kodi za vyumba zimepanda. Alisema hayo kaunta, mbele ya watu. Basi akaugua malaria, nami nikatumwa kumpelekea salamu za ofisi. Nilipoingia uani kwake Kasingirima nilikuta cherehani inalia. Fundi wa Kikongo, mkewe na watoto wanne walikuwa wanaishi chumba cha nyuma, na kwa jinsi watoto walivyokuwa wanamsumbua mgonjwa kitandani nikajua si wageni wa jana. Kwa sheria walitakiwa kuwa kambini.

"Mzee," nikamwuliza, "hawa wana kibali?"

"Hawa ni wageni wangu."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Nani mwingine anajua?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe," akasema.

Nilimbana. Nilimwambia inakuwaje mtu anayerudisha barua kwa kukosa tarehe awe anaficha familia nzima bila hata kipande cha karatasi. Alivuta shuka ikamfika kidevuni. "Hawa nawajua, binti. Nimekula nao. Pale ofisini simjui mtu, najua karatasi tu. Ndiyo maana karatasi lazima isomwe na watu wengi." Sikulisema lile jambo kwa mtu, na nadhani tangu siku ile alinihesabu kuwa mtu wake.

Ndipo akanieleza asili ya zile meza tatu ambazo kila barua ya kukabidhi mtoto ililazimika kuzipitia ofisini kwetu. Tulikuwa tunashona majalada kwa uzi, mimi na yeye, mchana wa mvua usio na wateja. Kabla sijafika, alisema, barua za kukabidhi watoto zilikuwa zinaandikwa na yeyote aliye na nafasi na kusainiwa na yeyote aliye karibu. Mwenye cheo akiwa hayupo, karani aliandika "kny" pembeni ya jina la bosi, yaani kwa niaba yake, na maisha yakaendelea. Akaja mwanamume mmoja mstaarabu, amevaa koti, akasema ni baba mdogo wa mtoto fulani wa miaka mitatu. Mtoto alipoletwa alimwita baba mdogo kweli. Karani akaandika barua, akasaini kny, mkuu wa masjala akagonga mhuri katikati ya karatasi nyingine nyingi, mtoto akakabidhiwa. Baada ya siku kumi na moja akaja baba mwenyewe kutoka kambini, na mashahidi wanne.

"Akaniuliza mtoto yuko wapi," mzee alisema. Uzi ulikuwa umesimama mkononi. "Nikafungua jalada nikamwonyesha barua. Nilimwonyesha barua, binti, kana kwamba ndiyo mtoto."

Yule mtoto hakupatikana. Hiyo ndiyo habari yote, hakuna mwisho mwingine. Baada ya wiki moja mkuu wa masjala akaja ofisini na karatasi ya manila aliyoichora mwenyewe kwa rula. Aliibandika ukutani kwenye mkutano wa Jumatatu. Meza ya kwanza: anayemhoji mwombaji na kuandika barua. Meza ya pili: mhakiki, ambaye haruhusiwi kuwa yule yule aliyeandika, huyu analinganisha barua na daftari la kambini, anawaita mashahidi, anauliza alichosahau wa kwanza. Meza ya tatu: Afisa Mfawidhi, anaidhinisha. Kati ya meza na meza jalada linarudi masjala kuandikwa. Ikikutwa kasoro, barua inarudi pale kasoro ilipoanzia. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: hakuna kny.

Walionisimulia mkutano ule waliusimulia kama kichekesho. Afisa Mfawidhi aliuliza, na mhakiki akiumwa je? Mzee akajibu barua itasubiri apone. Na akifa? Ataletwa mwingine, mzee akasema, ataandikwa kwenye rejista, na atasaini kwa jina lake. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyepinga, kwa sababu wote walikuwa wameshamwona yule baba amekaa veranda. Vielelezo vya saini tatu vikapelekwa kwenye kituo cha muda cha watoto kule ziwani, walinzi wakaambiwa zisipotimia tatu, mtoto hatoki.

Na utaratibu ulifanya kazi. Nasema hivyo kwa sababu nataka kumtendea haki. Wakati wangu meza ya pili ilinasa watu wawili waliokuja kudai watoto wasio wao, na mmoja kati yao alikuwa na barua ya mwenyekiti wa kitongoji na machozi ya kweli kabisa. Vijana wa ofisini walikuwa wanasema kwenda Maka ni karibu kuliko kwenda meza ya tatu, lakini walisema huku wanazifuata meza. Barua ilichukua siku tatu, nne. Tulizizoea. Mimi nilipangwa meza ya pili, msaidizi wa mhakiki. Nilisoma kila kitu, nililinganisha kila kitu, nilihoji mashahidi, kisha nikampelekea mhakiki asaini.

Kisha akaja mama mmoja, Mrundi wa upande wa Rumonge. Walikimbia kwa boti mbili. Yeye alisukumwa kwenye moja, na binti yake wa miaka sita akapokewa na jirani kwenye nyingine. Yeye akaishia kambini, jirani akafia njiani kwa kuhara, mtoto akaletwa kituo cha ziwani peke yake. Miezi mitano baadaye mtu akamwambia amemwona mtoto pale kituoni. Mama akapata kibali, akaja mjini, akaenda kituoni, akasimama kwenye wigo wa nyavu. Mtoto alimwona. Alimwita. Alipitisha vidole kwenye nyavu wakashikana, mlinzi akawa amesimama pale, na mlinzi akasema, mama, nenda kalete barua.

Meza ya kwanza iliandika barua Jumatatu. Lakini mhakiki alikuwa ameondoka Jumamosi kwenda Kagunga kuwaandikisha waliovuka juzi yake, na Kagunga huendi wala hurudi ila kwa maji. Jumapili upepo ukaanza. Ziwa likachafuka zaidi ya wiki, hakuna boti iliyothubutu.

Kila asubuhi mama alifika kabla yetu. Alikaa kwenye benchi la veranda, kitenge amejifunga kifuani, mikono magotini, na nikipita aliinuka nusu.

"Amahoro, dada. Karatasi imefika wapi?"

"Iko meza ya pili, mama."

"Na meza ya pili iko wapi?"

Meza ya pili ilikuwa mimi. Nilimwambia mkubwa yuko safari, arudi kesho. Nilimwambia hivyo siku nne.

Siku ya tano ikaja taarifa kutoka kituoni. Watoto ambao hawajaidhinishiwa ndugu yeyote watavushwa Jumatano ijayo, warudishwe upande wao, kwenye nyumba ya watoto iliyofunguliwa huko, kwa sababu kituo kimejaa na kipindupindu kimeingia. Nilisoma ile orodha nimesimama. Jina lake lilikuwa la nane au la tisa.

Nilirudi mezani kwangu, nikaisoma barua upya kuanzia mwanzo. Daftari la kambini lilikubaliana. Mashahidi wawili nilikuwa nimewahoji mwenyewe. Kovu la moto kwenye goti la kulia, mama alilitaja kabla sijauliza. Hapakuwa na shaka hata ya dawa. Nikachukua kalamu, nikaandika kny, nikasaini jina langu, nikaipeleka masjala.

Alinawa mikono. Akaisoma mara mbili. Nilikuwa nimesimama kaunta.

"Umeisoma vizuri?"

"Mara kumi, mzee."

"Nakuamini."

"Basi iandike, iende meza ya tatu."

"Nakuamini, na siwezi."

"Mzee, mtoto amemwita mama yake mbele ya mlinzi."

"Na yule mwingine alimwita yule bwana baba mdogo." Alivua miwani. "Leo wewe unasaini kny kwa sababu ni kweli. Kesho mwenzako atasaini kny kwa sababu umesaini wewe. Mimi nitamwambia nini?"

"Jumatano wanavushwa."

"Nimeona."

Akafungua rejista akaandika, kwa mwandiko ule ule usiotetemeka: limerudi meza ya pili. Nikamwambia ana roho mbaya. Sijawahi kumwambia mtu mzima neno kama lile, wala kabla wala baada. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa akasema, "Ego, mwanangu," akanisukumia jalada.

Nilikwenda kwa Afisa Mfawidhi mwenyewe. Yeye alikuwa na uwezo wa kusema neno moja. Aliisoma barua, akasema inasikitisha, akasema lakini hawezi kuidhinisha kitu ambacho hakijahakikiwa, utaratibu ni utaratibu, si tuliukubali wenyewe? Mlinzi naye akasema hivyo hivyo. Mkuu wa kituo akasema hivyo hivyo. Nami, nikiwa mkweli, nilipomaliza kuzunguka nilihisi nafuu fulani ya aibu, kwamba nimejaribu, kwamba sasa si mimi tena. Ningeweza kwenda kupiga kelele getini. Ningeweza kumwambia mama apige kelele. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilitaka kuthibitishwa kazini.

Mkuu wa masjala kwa upande wake alifanya kila kilichoruhusiwa. Alikwenda bandarini asubuhi na jioni kwa baiskeli kuuliza boti. Alituma ujumbe kwa redio ya polisi, mhakiki atafutiwe chombo chochote. Aliandika dokezo la kuomba safari ya watoto isogezwe siku mbili, na dokezo lile, kwa kuwa lilikuwa linahusu makabidhiano ya watoto, ilibidi nalo lipite meza tatu. Lilisimama meza ya pili.

Jumatano ikapita. Mhakiki alirudi Alhamisi, uso umebabuka kwa jua na ziwa. Alisaini akiwa amesimama, begi begani, mama anamtazama kutoka mlangoni. Hakuisoma. Saa nne na nusu Afisa Mfawidhi alikuwa ameshaidhinisha. Mkuu wa masjala aligonga mhuri, akampa mama barua kwa mikono miwili, kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kawaida yake: alifunga masjala katikati ya saa za kazi, akampakia mama kwenye baiskeli, akampeleka mwenyewe. Mimi nilifuata kwa miguu. Nilipofika geti lilikuwa wazi, mlinzi anafagia, mikeka imetandazwa juani baada ya kuoshwa. Mama alikuwa ameishika barua mbele yake, anamwonyesha mlinzi. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake na baiskeli.

Baada ya wiki chache mapigano yalifika kwenye ile nyumba ya watoto ng'ambo. Wakubwa walikimbia, wadogo walichukuliwa na yeyote aliyewachukua. Tuliandika kuuliza. Barua hizo tuliziandika haraka sana, na hazikujibiwa.

Watu hudhani baada ya jambo kama lile mtu hubadilika, au huvunjika, au huomba radhi. Nilikuwa nangoja aombe radhi. Jumatatu iliyofuata alikuja na manila mpya, ameichora upya, na meza zilikuwa tatu vile vile na wino mwekundu vile vile. Aliongeza mstari mmoja tu: meza ya pili itakuwa na wahakiki wawili, kila mmoja anasaini kwa jina lake. Wa pili nilikuwa mimi. Ilikuwa tiba sahihi kabisa, na kila nilipoitumia nilitamani kulia. Aliniita nikaandike kielelezo cha saini yangu, nami nikaandika bila kumtazama. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine minne. Tulishona majalada, tulikula migebuka, alinicheka nilipojaribu Kiha, alikuja kuniaga stesheni na kikapu cha dagaa. Lile hatukulizungumza.

Nilirudi Kigoma mara moja tu, juzi juzi hapa, kwa semina. Kambi zile zilishafungwa, ofisi yetu ilishavunjwa, kwenye jengo panauzwa vipuri vya pikipiki. Niliuliza Kasingirima, nikaambiwa yupo hai, macho ndiyo mabovu. Nilimkuta chumba cha mbele, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, kofia yake ile nyeupe, mtoto wa jicho amemtanda. Chini kwenye mkeka alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo anachambua maharage. Nikadhani ni ndugu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilipotaja ofisi akanitambua kwa sauti, akanyoosha mikono, na furaha yake ilinitia haya. Akamgeukia yule mama. "Mhakiki amefika," akamwambia. "Si nilikwambia? Leo itahakikiwa." Mama aliinua uso, nami nikamjua. Alikuwa amezeeka vizuri kuliko nilivyostahili kumkuta. Alihamia Ujiji siku nyingi, akaniambia, anauza mawese sokoni, na kila mwezi huja hapa.

Mzee alipapasa chini ya kiti akatoa boksi faili. Lilikuwa limejaa barua, moja kwa kila mwezi, kwa mwandiko ule ule, ila mistari ya zile za juu ilikuwa inapanda na kushuka. Akanipa ya juu kabisa. Ilikuwa inaelekezwa kwa msimamizi wa nyumba ya watoto ng'ambo, ile ile, iliyokwisha kabla mwaka wake haujaisha. Ilikuwa barua nzuri, yenye adabu, haina neno la ziada. Ilikuwa inamwulizia mtoto wa kike mwenye umri wa miaka sita, mwenye kovu la moto kwenye goti la kulia. Nilisimama kwenye ile miaka sita. Huyo mtoto, kama yupo, sasa ni mwanamke anayekaribia thelathini na tano.

"Ina kasoro?" mzee akauliza.

"Haina, mzee."

"Basi saini mahali pako."

Nikasaini. Mahali pa tatu palikuwa wazi, kama palivyokuwa wazi kwenye zile nyingine zote, nilizifunua nikaona. Nikamwuliza nani anaidhinisha siku hizi. Akasema bado hajaletwa. Wameahidiwa. Akija, zitakwenda zote kwa pamoja. Akaipokea barua, akaipapasa kingo zake kwa vidole, akairudisha boksini juu ya wenzake.

Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia, nikashindwa, nikasema tu kwamba barua zile, mama, sijui kama.

"Haziendi," akasema. "Nilijua zamani. Hazijatoka mule ndani hata moja."

"Na bado unakuja?"

"Wengine wote walichoka kusikia, dada. Hata mume niliyeolewa naye huku alichoka. Yule mzee kila mwezi ananiuliza upya. Alivaa nini, alama gani, alipenda kula nini. Anaandika, halafu ananisomea, siku hizi kwa kichwa tu." Alitembea hatua chache. "Yule mkubwa wenu aliyetoka Kagunga hakuisoma. Nilikuwa mlangoni, nilimwona. Wewe leo umeisoma?"

"Nimeisoma, mama."

"Mwanangu anaitwa nani?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeona tarehe, nimeona anwani, nimeona miaka sita na kovu na goti la kulia. Jina lilikuwa pale, mstari wa pili au wa tatu, macho yangu yalipita juu yake yakitafuta kosa. Wala la zamani sikulikumbuka, na jalada lile nililishika wiki nzima.

Hakuonyesha hasira. Alinishika kiwiko, kama ananisaidia kuvuka barabara. "Jenerosa," akasema, taratibu, kama anayemwandikisha karani. Kisha akarudi ndani, maana mzee alikuwa anamwita aje asomewe.